Pipa la Maziko la Théodule

Théodule Theytaz alikufa katika wiki ya mwisho ya mavuno ya zabibu, jambo ambalo hapa Chandoret, kijiji chetu cha milima ya Uswisi, tunalihesabu kuwa ukosefu wa adabu. Mtu mwenye heshima zake hungoja Januari, watu wakiwa wamejifungia majumbani wanatafuta sababu ya kutoka. Yeye alichagua asubuhi ya jua kali, vikapu vikiwa tayari mlangoni na zabibu za Cornalin zikiwa bado mitini.

"Hata kufa ameshindwa kusubiri," alisema mkewe Philomène, akimfunga marehemu kitambaa kidevuni. "Nani atavuna sasa? Mimi? Ndivyo ulivyo wewe. Kazi ikikaribia, unajilaza."

Akalia kidogo, akajifuta, akamvua marehemu ufunguo uliokuwa shingoni. Ulikuwa ufunguo wa ghala la chini ya nyumba. Théodule aliuvaa hata alipooga, na katika miaka yote ya ndoa yao Philomène hakuwahi kuushika. Mwanamume wa Chandoret humwachia mkewe fedha, watoto na hata kura yake ya kijiji, lakini pipa lake la maziko hulilinda mwenyewe.

Maana kwetu kila mwenye nyumba ana vitu viwili vinavyomngoja siku ya mwisho: gurudumu la jibini na pipa la mvinyo. Jibini hutengenezwa mwaka wa ndoa, ikaachwa ikauke hadi siku hiyo ikatwe kwa shoka. Mvinyo ni Cornalin, ule mwekundu wa mteremko wetu, mweusi kwenye jagi na mwekundu kwenye meno. Ukiwa mchanga hukwaruza koo kama paka anayekataa kumezwa. Ukizeeka hulainika, ukawa na ladha ya cheri zilizoiva hadi zikaanza kujutia. Kila mwaka mwenye pipa huongezea mvinyo kidogo ili lisikauke. Yeye mwenyewe hanywi. Tunakunywa sisi, tukishamzika, na tukinywa tunamhukumu. Padri huiombea roho, sisi tunaionja.

Hilo si jambo la mzaha. Babu wa kina Bagnoud alizikwa na pipa lililoishia katikati ya wageni, na hao wageni wote walishakufa zamani. Lakini mpaka leo ukoo mzima unaitwa Wanywa-Maji. Mwaka jana binti yao alipoolewa, mtu fulani alipiga kelele nje ya kanisa, "Leteni ndoo!" na bibi harusi akaingia kwenye gari analia. Mtu huyo fulani alikuwa ni sisi wote.

* * *

Mtoto wa pekee wa marehemu, Gratien, alifika mchana kutoka Lausanne, ambako anafanya kazi kwenye bima, yaani anawauzia watu hofu zao wenyewe. Alikuja na mkewe Ursina. Huyu anatoka Grisons, upande wa pili wa milima, ambako nao hutengeneza mvinyo mwekundu kwa zabibu za Pinot na wanaamini kwamba wamefanya jambo.

Ursina alikuwa na doa katika familia. Siku ya kwanza kuletwa nyumbani, alipokaribishwa jibini ya kuyeyusha, aliomba mvinyo mwekundu. Meza nzima iliweka uma chini. Jibini ya kuyeyusha huenda na mvinyo mweupe, hata mbwa wetu wanajua. Mwekundu ni wa nyama ya paa msimu wa mawindo, wa nyama iliyokaushwa, wa jibini kongwe. Tangu siku hiyo Théodule hakuwahi kumwita jina lake. Alimwita "yule wa mwekundu", na akimpigia simu mwanawe alikuwa akiuliza, "Yule wa mwekundu hajambo?"

"Pole, mama," Ursina alisema, akimkumbatia mkwewe.

"Nimeshapoa, mwanangu. Gratien, chukua majagi ya bati, tushuke. Kesho watakuja wote. Nataka nione kama bomba la pipa linatoa vizuri."

Ghala lilikuwa baridi, lina harufu ya mawe na mbao zilizolowana. Pipa lilikuwa pembeni, dogo, jeusi, limechorwa jina la Théodule kwa kisu. Juu ya pipa palikuwa na glasi mbili zimepinduliwa. Ukutani, karibu na dari, palikuwa na kipande cha ubao kimegongomewa msumari mmoja. Hakuna aliyekijali.

Gratien aliweka jagi chini ya bomba, akafungua. Ikatoka pumzi tu. Akafungua zaidi. Likatoka tone moja, likaning'inia, likafikiri, likaanguka.

"Limeziba," alisema Philomène.

Gratien aligonga pipa kwa ngumi. Likalia kama ngoma.

"Mama."

"Limeziba, nimekwambia! Piga tena."

"Mama, ni tupu."

Philomène alimsukuma mwanawe, akatia sikio kwenye mbao kama daktari. Kisha akageukia rafu iliyokuwa na jibini. Gurudumu lilikuwa pale, limetulia, zima, la heshima. Ursina, ambaye hakulelewa na desturi hii na kwa hiyo hakuiogopa, alilizungusha. Upande wa nyuma, uliokuwa umetazama ukutani, pande kubwa lilikuwa limekatwa kwa msumeno.

Gratien aliingiza mkono kwenye pengo.

"Amejila mazishi yake," alisema Gratien.

"Kila mwaka alikuwa anashuka kuongezea," alisema Philomène polepole. "Anashuka na jagi, anapanda anaimba. Nikadhani ni uchaji." Macho yake yakatua juu ya pipa. "Na hizi glasi? Kwa nini mbili?"

Alizichukua, akazinusa moja moja.

"Jumapili," alisema, na uso wake ukaanza kubadilika rangi. "Mimi niko misani, yeye goti linamuuma. Goti lililokataa ngazi za kanisa na likakubali ngazi za ghala! Alikuwa anamleta nani humu? Mwanamke gani?"

"Mama, baba alikuwa mzee wa miaka..."

"Usinihesabie miaka ya baba yako, naijua! Yupo juu pale kalala na kitambaa changu kizuri kidevuni. Ningejua ningemwacha mdomo wazi."

Akaketi juu ya ngazi. Ghadhabu ilipopungua kidogo, lile kubwa zaidi likamfikia: kesho, kijiji kizima, majagi matupu. Mjukuu wake, binti ya Gratien, alikuwa shule ya msingi huko Lausanne. Siku moja naye angeolewa, na nje ya kanisa mtu angepiga kelele.

* * *

"Kwani ni lazima utoke kwenye pipa?" aliuliza Gratien. "Naenda mjini Sierre, nanunua chupa za Cornalin, tunamimina kwenye majagi. Nani atajua?"

"Crettol atajua."

Aloys Crettol ni mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima wa mizabibu. Akipewa glasi haianzi kunywewa mpaka imezungushwa, imeinuliwa dhidi ya dirisha, imenuswa kwa pua ya kulia, ikanuswa kwa ya kushoto, kisha anasuuza mdomo nayo kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Baada ya hapo anasema neno, na sisi tunaitikia kwa vichwa, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukiri kwamba ameonja mvinyo tu.

Gratien alikwenda. Duka la mvinyo halikuwa na mteja, akashukuru Mungu, akajaza mkokoteni Cornalin. Alipogeuka kuelekea kwa mhudumu, alikutana uso kwa uso na tumbo, na juu ya tumbo Aloys Crettol.

"Gratien! Pole sana. Baba yako alikuwa mtu." Macho yake yakashuka kwenye mkokoteni. "Nini hii?"

"Mvinyo, Bwana Crettol."

"Naona ni mvinyo, sijapofuka. Ni Cornalin. Theytaz ananunua Cornalin? Dukani? Jana yake ya kumzika Théodule?"

Gratien alisogea kuukinga mkokoteni. Mtu aliyezoea kuwaambia wateja kwamba mafuriko yao si mafuriko bali ni maji yaliyoongezeka alinyakua neno la kwanza lililopita.

"Ya kupikia," alisema.

"Ya nini?"

"Ya kupikia. Tunapika paa. Mke wangu..."

"Aa," alisema Crettol, na huruma ikamjaa usoni. "Yule wa mwekundu." Akaanza kuzitoa chupa kwenye mkokoteni, moja baada ya nyingine, akizirudisha rafuni kama mtu anayeokoa watoto. "Sikiliza, kijana. Cornalin haipikiwi. Cornalin inakaa mezani, paa analetwa mbele yake. Mwambie mkeo hivyo, taratibu, asione haya. Kupikia chukua hii hapa." Akamwekea chupa mbili za mvinyo wa bei ya siki. "Na kesho nitakuja mapema. Nimemngoja Théodule kwenye jagi miaka mingi. Nataka kujua alikuwa anatuficha nini."

Gratien alilipa, akarudi nyumbani na chupa mbili za siki. Ursina alizitazama mezani.

"Umeniuza," alisema.

"Samahani."

"Mimi ndiye ninayepika kwa Cornalin? Mimi? Kijijini hapa nimefanya kosa moja tu, kwa njaa na kwa baridi, na nitazikwa nalo!"

"Wewe hata pipa la kuzikwa nalo huna," alisema Philomène bila kuinua kichwa. "Tulia."

* * *

Mvinyo wa kufanana na wa Théodule ulikuwa mahali pamoja tu duniani: kwa Barnabé Salamin, jirani, ambaye mizabibu yake iliota upande wa pili wa ukuta uleule wa mawe. Tatizo ni kwamba Theytaz na Salamin hawasalimiani. Babu wa mmoja aliiba zamu ya maji ya babu wa mwingine kwenye mfereji wa mlimani. Nani alimwibia nani inategemea umeketi jikoni kwa nani. Nyumba zao zimeegemeana bega kwa bega, na Philomène alikuwa hajawahi kukanyaga kizingiti kile.

Alikwenda alasiri, watu wote wakiwa mashambani. Kabla hajagonga, mlango ulifunguliwa. Barnabé, mjane asiye na mtoto, mwembamba kama nguzo ya mzabibu, alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Umechelewa," alisema.

"Nini?"

"Tangu asubuhi nimekaa na koti hili mwilini, nangoja. Ingia kabla hawajatuona."

Philomène aliingia, hakuketi. Alikuwa amepanga maneno yake njiani, hatua zile chache, na sasa yote yalimtoka.

"Barnabé, sijaja kukuomba amani."

"Usiniletee mkosi. Mimi na amani wapi na wapi."

"Nimekuja... Pipa la Théodule lina matatizo."

"Ni tupu."

"Nani kakwambia?"

"Tumelimaliza kabla ya Pasaka."

Philomène alitafuta kiti kwa mkono, akakipata.

"Tume?"

Barnabé alikuna shingo. Haya ilimpanda mzee yule mpaka masikioni.

"Maghala yetu yana ukuta mmoja," alisema. "Kuna tundu la hewa, juu. Mumeo aligonga Jumapili moja. Akasema, 'Salamin, Crettol atanikalia mezani, atanizungusha kwenye glasi, atasema mimi ni mchachu, na mimi nitakuwa ardhini siwezi kumjibu. Hebu onja uniambie ukweli. Wewe unanichukia, hutanidanganya.' Akanipitishia glasi tunduni. Nikaonja. Nikamwambia ni mchachu. Akatukana. Akasema, onja tena."

"Miaka mingapi?"

"Mwanzoni ilikuwa kuonja tu."

"Na wewe ulikuwa unaingia ghalani kwangu? Na viatu vyako?"

"Niingie kwenu?" Barnabé alishangaa kweli. "Tumegombana! Kila mtu alikuwa upande wake. Na glasi nilikuwa namrudishia, sikutaka kitu cha Theytaz kilale nyumbani kwangu. Jibini nayo alikuwa anaipitisha vipandevipande. Nzuri. Ilikuwa na chumvi kidogo."

Philomène alianza kucheka, kisha akaona hasira imemzidi, kisha akacheka tena. Alikuwa amemlilia mume asubuhi, akamlaani adhuhuri kwa sababu ya mwanamke, na sasa mwanamke mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake, ana masharubu.

"Mbona hamkupatana hadharani, kama watu?"

"Ugomvi si wangu, ni wa ukoo. Niliukuta. Nitauachaje mbele za watu?" Akanyanyuka. "Tulikubaliana lakini. Tukimaliza lake, atakayetangulia atazikwa kwa langu. Langu limejaa, sijaligusa. Leta mpira wa maji."

Philomène hakunyanyuka.

"Na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Ukishatoa lako. Wewe utazikwa kwa nini?"

Barnabé alitazama dirishani. Hilo lilikuwa swali ambalo, ni wazi, alikuwa amelikalia na koti lake tangu asubuhi.

"Sina wa kumwonea haya," alisema. "Mke sina, mtoto sina. Waniite Mnywa-Maji, watamwita nani baada yangu? Paka?"

"Cornalin ya Théodule bado iko mitini," alisema Philomène. "Nitaivuna, nitaitia kwenye pipa lake, litakuwa la kwako. Utazikwa kutoka nyumbani kwangu."

"Mvinyo mchanga? Utawachoma makoo! Watasema Salamin alikuwa na roho mbaya mpaka chini ya udongo."

"Basi usife mpaka ulainike."

"Itachukua miaka, mwanamke."

"Una haraka ya kwenda wapi?"

* * *

Waliuhamisha mvinyo alasiri ileile. Gratien aling'oa ubao wa ukutani, na nyuma yake kukatokea tundu la ukubwa wa kichwa cha mtoto, kingo zake zimelainishwa na mikono. Upande wa pili Barnabé aliingiza mpira, akalalamika kwamba ghala la Theytaz linanuka ukungu.

"Mtu avute," alisema. "Usipovutwa hautiririki."

Gratien alikohoa kwa vumbi. Philomène meno yake ya mbele yalikuwa ya kubandika. Ursina akaushika mpira, akavuta kwa pumzi moja, na mvinyo ukamjia kwa nguvu hata hakuwahi kuutoa mdomoni. Akameza. Akasimama na mpira mkononi, mvinyo ukiingia pipani kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo refu.

"Vipi?" iliuliza sauti ya tunduni.

Ursina alijifuta mdomo. Mvinyo wa kwao alikuwa ameusifia katika kila chakula cha familia kwa miaka tisa.

"Ni mzuri," alisema. "Msimwambie mtu wa kwetu."

"Nani huyo?"

"Ni yule wa mwekundu," alisema Gratien.

"Ahaa. Théodule alisema una akili, ila hutaki kuzionesha."

Ursina aligeukia ukuta, na kwa muda alionekana kama anasoma kitu kwenye mawe.

* * *

Tulimzika vizuri. Padri alifupisha kwa sababu naye alikuwa na mizabibu. Kisha tukamiminika nyumbani kwa Theytaz, tukakaa, tukatazama mlango wa ghala kama watu wanaongoja treni.

Jibini ilitoka kwanza, tayari imepasuliwa kwa shoka, jambo ambalo halikutupendeza, tulipenda kuona shoka likipiga. Ukaja mkate mweusi, ikaja nyama iliyokaushwa, imekatwa nyembamba hadi unaweza kusomea gazeti nyuma yake. Mwisho Philomène mwenyewe akapanda na jagi la bati, mikono yote miwili, na wa kwanza kumiminiwa alikuwa Aloys Crettol.

Akazungusha. Akainua dhidi ya dirisha. Pua ya kulia, pua ya kushoto. Akasuuza. Tukasogeza viti karibu, na Gratien akaanza kukata mkate ambao ulikuwa umeshakatwa.

"Théodule," alisema Crettol, macho yamefumbwa. "Huyu hapa. Namsikia anatembea." Akaonja tena. "Mnaonja ule ukavu? Ni mawe ya shamba lake, upande wa juu wa ukuta. Hapa kuna cheri, kuna moshi wa matawi ya mzabibu, kuna, nisemeje, kuna uaminifu. Hatua kumi chini, ukishavuka ukuta, huupati. Kwa Salamin udongo umenenepa, mvinyo wake hauna akili. Samahani, Barnabé, lakini sayansi ni sayansi."

Tukageuka sote. Barnabé alikuwa amesimama mlangoni. Desturi inamlazimisha hata adui kuja kunywa, lakini haimlazimishi kukaa. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Crettol, kwa ukarimu wa mtu anayegawa mali isiyo yake, akamjazia glasi akampelekea.

"Onja, jirani. Ujifunze, japo umechelewa."

Barnabé aliipokea. Philomène alikuwa katikati ya chumba na jagi. Neno moja tu kutoka kwa mzee yule, na Crettol angekuwa kichekesho cha bonde lote hadi Sierre, na pamoja naye nyumba ya Theytaz ingepata jina jipya kabla mishumaa ya kanisani haijapoa. Alikuwa na haki ya kulisema. Ulikuwa mvinyo wake, na udongo wake, na akili yake iliyotukanwa.

Barnabé alikunywa taratibu. Akaulamba mdomo. Akamtazama Philomène.

"Mkali," alisema. "Mkali kama mwenyewe."

Chumba kililipuka. Kutukana mvinyo wa marehemu ndani ya nyumba ya marehemu! Crettol alisema mtu yule ana ulimi wa ubao. Kina Bagnoud, Wanywa-Maji, ambao hawakuwahi kupata nafasi ya kumdharau mtu, walipiga kelele kuliko wote. Philomène aliweka jagi chini kwa kishindo.

"Barnabé Salamin! Mume wangu hajapoa kaburini! Toka nyumbani kwangu!"

"Natoka. Nilikuja kwa ajili ya desturi, sikuja kwa ajili ya mvinyo." Akamaliza glasi mpaka tone la mwisho, akachukua na kipande cha jibini. "Na hii ina chumvi," alisema, akaondoka ameinua kichwa, mtu mwenye furaha kuliko wote waliokuwapo.

Jikoni Ursina alikuwa ameinama juu ya sinki, ameuma aproni, mabega yanatikisika. Mke wa Crettol alichungulia akarudi mbio kutuambia kwamba mkamwana analia kwa uchungu hata hawezi kusimama. Ilituingia sana. Siku hiyohiyo tukamsamehe habari ya jibini ya kuyeyusha.

* * *

Cornalin ya Théodule ilivunwa wiki iliyofuata, na Ursina alikata zabibu vibaya lakini kwa bidii. Imekaa pipani miaka sasa. Crettol bado anasimulia mvinyo wa maziko ya Théodule kwa kila mgeni, na kila akisimulia mvinyo unazidi kuwa mkavu na ukuta unazidi kuwa mrefu. Barnabé na kina Theytaz hawasalimiani. Wakipishana kwenye uchochoro, kila mmoja hutazama upande wake, na Philomène hutema mate kidogo, kwa adabu.

Ila Jumapili Philomène haonekani tena misani. Goti, anasema. Padri anadhani ni huzuni, na sisi tunakubali, maana goti kurithiwa kutoka kwa mume ni jambo la kusikitisha.

Jumapili moja ya majira ya vuli yaliyopita, kengele zikilia, alishuka ghalani, akajaza glasi mbili, akapitisha moja tunduni. Akaonja yake. Mvinyo haukukwaruza popote. Uliteremka kimya kama mtu anayeijua nyumba, ukaacha nyuma yake cheri, na moshi kidogo. Akasimama nao mdomoni. Upande wa pili glasi nayo haikurudi.

"Salamin?"

"Nipo."

"Unauonaje?"

Barnabé alisafisha koo.

"Mkali," alisema.

"Mkali kabisa," alisema Philomène haraka. "Umenikwaruza mpaka huku."

"Mvinyo huu hauwezi kumzika mtu."

"Hata paka wako."

Glasi ikarudi tunduni, tupu. Philomène aliichukua, akafungua bomba. Pipa, ukiligonga, limeanza kulia kidogo upande wa juu.